Taswira, dalili na alama: jinsi ishara za kila siku zinavyobeba maana

Ishara, kwa maana yake pana, ni kitu chochote kinachomfanya mtu afikirie kitu kingine: neno, picha, harufu, wingu, unyayo, rangi iliyopakwa ukutani. Taaluma inayochunguza ishara huitwa semiotiki. Mgawanyo wake unaofundishwa zaidi ni ule wa mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce (1839–1914), aliyeuliza ni kitu gani hasa kinachoifunga ishara na kile inachokiwakilisha. Kifungo kikiwa ni kufanana, ishara ni taswira, au ikoni kama waandishi wengine wanavyoiita. Kifungo kikiwa ni uhusiano halisi wa chanzo na matokeo, wa kugusana au wa kuwapo mahali pamoja, ishara ni dalili, yaani indeksi. Kifungo kikiwa ni mazoea au mapatano ya jamii tu, ishara ni alama, yaani simboli. Makala haya yanatumia taswira, dalili na alama kwa maana hizo, na yanaliacha neno ishara liwe jina la jumla.

Mgawanyo huu hueleweka upesi na hutumiwa vibaya upesi vilevile. Vitabu vya kiada hupenda kuupanga kama kabati lenye droo tatu, picha huku, moshi kule, maneno pale, kisha mwanafunzi huulizwa katika mtihani kitu fulani kimo katika droo ipi. Peirce hakukusudia hivyo. Alitaja aina za uhusiano, si aina za vitu, na kitu kimoja huweza kubeba uhusiano wa aina mbili, au zote tatu, kwa wakati mmoja. Mifano inayofuata imetolewa katika mkoa wa Mara, nchini Tanzania, hasa Musoma, Bunda na Butiama, kwa sababu huko ziwa, hifadhi ya wanyama, barabara kuu na kaburi la kiongozi wa taifa vimekaribiana kiasi kwamba mchanganyiko huo unaonekana wazi.

Moshi usio na moto

Kiswahili kina methali mbili zinazoweza kufungulia somo lolote la semiotiki: Dalili ya mvua ni mawingu, na Pafukapo moshi pana moto. Zote zinahusu dalili, lakini hazisemi jambo moja. Ya kwanza inatazama mbele: wingu limekwisha kuonekana, mvua haijafika, na huenda isifike. Ya pili inarudi kwenye chanzo: moshi upo kwa kuwa moto upo au ulikuwapo. Ndiyo sababu ya kwanza hutumiwa kutahadharisha na ya pili kushuku. Mwalimu anayetaka kueleza kwamba dalili zina mwelekeo, nyingine zikitangulia jambo na nyingine zikilifuata, hahitaji mfano wa kigeni.

Mjini Musoma methali ya pili hukutana na mtihani wake. Mji uko kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria, na hutokea siku ambapo mtu aliyesimama kwenye miamba ya ufukweni huona, mbali juu ya maji, nguzo za kijivu zikipanda angani na kuinamishwa na upepo, mithili ya moshi wa meli au wa kijiji kinachoungua. Hakuna moto. Ni makundi ya wadudu wadogo wa ziwani, mamilioni kwa mamilioni, waliotoka majini kwa pamoja baada ya kuishi wakiwa mabuu chini ya ziwa. Mgeni huona moshi na kufikiria moto. Mwenyeji huona wadudu na kufunga madirisha, maana upepo ukielekea mjini, kila taa itazingirwa.

Macho ya mgeni hayakukosea, kwa kuwa nguzo ile kweli inafanana na moshi. Kosa lake ni kuuchukua uhusiano wa kufanana na kuufanya uhusiano wa chanzo na matokeo. Nguzo ile ni taswira ya moshi bila kuwa moshi, na ni dalili ya wadudu bila kufanana na mdudu hata mmoja. Mwenyeji hasomi umbo peke yake. Husoma mahali inapotokea, majira, na jinsi inavyosogea, mambo ambayo picha peke yake isingempa.

Kosa hilohilo humpata mtu anayepokea picha iliyotengenezwa kwa programu ya kompyuta akaichukua kuwa ushahidi. Kwa muda mrefu picha ya kamera iliaminiwa kwa sababu mbili zilizoshikana: ilifanana na kitu kilichopigwa, na mwanga uliotoka kwenye kitu hicho ndio ulioichora. Ilikuwa taswira na dalili kwa pamoja. Programu za leo huweza kuiacha sababu ya kwanza ikiwa nzima na kuiondoa kabisa ya pili, na jicho halioni tofauti. Somo la semiotiki linapoishia kwenye kusema kwamba picha ni ikoni, huwanyima wanafunzi kitu wanachokihitaji wakiwa na simu mkononi.

Taa za usiku na mashavu ya samaki

Ziwa hilohilo, usiku, lina usomaji mwingine. Wavuvi wa dagaa hutoka nyakati za giza, mwezi ukiwa hauangazi, huwasha karabai au taa za umeme juu ya maji, na dagaa huvutwa na mwanga. Kutoka ufukweni taa hizo huonekana kama mji mwingine uliojengwa ziwani. Kwa anayeifahamu kazi hiyo, safu ile ya taa inaeleza kwamba mwezi umekwisha au haujakua, kwamba ziwa limetulia kiasi cha kuingilika, na kwamba kesho dagaa watakuwapo. Hakuna aliyeziwasha ili ziseme hayo, ziliwashwa kwa ajili ya dagaa. Dalili hutokea bila mtu kuituma, na katika jambo hilo inatofautiana na neno, ambalo daima lina msemaji wake.

Asubuhi, sokoni, mnunuzi wa sangara au sato hamuulizi mwuzaji samaki amevuliwa lini, au akiuliza hategemei jibu. Huinua shavu la samaki na kutazama wekundu wake, hubonyeza nyama, hulitazama jicho kama ni angavu au limedidimia. Wekundu wa shavu haufanani na upya, wala hakuna jamii iliyokaa ikakubaliana kwamba nyekundu itamaanisha samaki wa leo. Wekundu unatokana na damu iliyo ndani ya shavu, na hufifia kadiri saa zinavyopita. Mwuzaji aweza kummwagia samaki maji ili magamba yang'ae, lakini kuurudisha wekundu wa shavu si kazi rahisi. Mnunuzi mzoefu hutazama pale ambapo dalili ni ngumu kughushiwa, na kwa hilo anafanya, bila kulitaja jina lake, uchambuzi wa kisemiotiki ulio makini kuliko ule wa vitabu vingi.

Barabara ya Bunda

Bunda iko kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari, na wilaya yake inapakana na ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Lango la Ndabaka la hifadhi hiyo liko kandokando ya barabara hiyohiyo. Katika vijiji vya mpakani tembo huingia mashambani usiku, na asubuhi mkulima husoma yaliyoachwa: mashina yaliyovunjwa, kinyesi ambacho unyevu wake unaeleza saa, nyayo ambazo mwelekeo wake unaeleza njia. Unyayo ni mfano mzuri wa ishara isiyokaa katika droo moja. Ni dalili, kwa kuwa mguu uligandamiza udongo ule. Ni taswira pia, kwa kuwa umbo lake ni umbo la mguu, na ndiyo maana watafiti wa tembo hupima urefu wa unyayo wa nyuma ili kukadiria umri wa mnyama. Mwanafunzi akiulizwa kama unyayo ni ikoni au indeksi, jibu sahihi ni kulirekebisha swali.

Bango la barabarani la kuonya kuhusu wanyama linafanya kazi zote tatu. Mchoro wa mnyama ni taswira. Umbo la pembetatu na ukingo mwekundu ni alama: hakuna chochote katika pembetatu kinachofanana na hatari, na dereva alijifunza maana yake katika shule ya udereva. Lakini bango halimwonyi mtu mpaka lisimamishwe mahali. Likiwa limeegemezwa ukutani ndani ya bohari bado lina mchoro na bado lina rangi, ila halisemi lolote kuhusu barabara yoyote. Kule kusimama kwake pale, mbele kidogo ya mahali wanyama wanapovuka, ndiko kunakolifanya dalili. Hata mchoro wenyewe si taswira tupu. Katika nchi nyingi bango la wanyamapori huchorwa paa anayeruka, na dereva hutakiwa kuelewa kwamba anaonywa hata juu ya wanyama wasiofanana na paa. Mazoea ndiyo yanayoipanua picha ya mnyama mmoja ikawahusu wengine.

Pembetatu ya kuakisi mwanga ambayo sheria inalitaka kila gari kuwa nayo ina mwenzake asiyeandikwa popote: matawi ya miti yaliyotupwa barabarani. Dereva wa Afrika Mashariki anapoona fungu la matawi mabichi juu ya lami, halafu jingine hatua chache mbele, hupunguza mwendo, kwa sababu anajua lori limeharibika baada ya kona au mlima. Matawi hayafanani na lori, wala lori halikuyazalisha. Ni alama kwa upande mmoja, maana ni mazoea ya madereva. Ni dalili kwa upande wa pili, maana ni lazima yatandazwe karibu na hatari yenyewe, na ubichi wake unaeleza kama hatari ni ya leo au ya juzi. Lakini lori likishatengenezwa na dereva akaondoka bila kuyaokota, matawi huendelea kuonya juu ya kitu kisichokuwapo. Wanaopita hupunguza mwendo bure. Wengine hujifunza kutoyajali, na siku lori litakapokuwapo kweli, kutojali huko huweza kugharimu maisha. Alama iliyoachwa nyuma haibaki ishara ya uongo ya mara moja tu. Huipunguzia nguvu kila alama ya aina yake itakayofuata.

Kuna pia herufi. Kandokando ya barabara kuu nchini Tanzania, nyumba iliyomo ndani ya hifadhi ya barabara hupakwa X kubwa ukutani. Katika daftari la mwanafunzi herufi hiyo ni kosa, katika hesabu ni namba isiyojulikana, na kwenye karatasi ya kura yaweza kuwa chaguo. Ukutani maana yake ni kwamba nyumba itaondolewa. Rangi nayo husema. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande wa katikati ya barabara. Kwa utaratibu uliozoeleka, X nyekundu huwekwa kwenye jengo lililomo katika eneo la tangu zamani, na X ya kijani kwenye jengo lililokutwa katika mita 7.5 zilizoongezwa, ambalo mwenye nalo anastahili fidia. Mistari miwili iliyokatana haina asili yoyote ya kumaanisha kubomolewa, wala kijani haina asili ya kumaanisha fedha. Yote ni alama, na kwa mwenye nyumba tofauti ya rangi hizo mbili ni tofauti ya kulipwa na kutolipwa. Hata hivyo nguvu ya X haiko katika umbo lake peke yake. Gazeti linapoichapisha picha ya ukuta ule, gazeti halibomolewi. X inaihukumu nyumba ile kwa kuwa rangi imepakwa kwenye ukuta ule.

Majina na vitu vya Butiama

Butiama ni mahali alipozaliwa Julius Kambarage Nyerere tarehe 13 Aprili 1922, na ndipo alipozikwa, eneo la Mwitongo, baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Majina yake yanaonyesha jinsi dalili inavyogeuka alama kwa kupita kwa wakati. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua, alilopewa kwa sababu mvua kubwa ilinyesha siku ya kuzaliwa kwake. Nyerere ni jina lililotoka kwa baba yake, Mtemi Burito wa Wazanaki, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi, ambao ndio maana ya neno hilo kwa Kizanaki, walipoivamia nchi. Siku yalipotolewa, majina hayo yalikuwa dalili: kila moja lilibeba alama ya tukio lililokuwapo. Desturi hiyo imeenea kote Uswahilini na bara, na ndiyo iliyozaa kina Masika, Tabu, Shida na Jumanne. Julius, aliloongeza alipobatizwa mwaka 1943, halikuwa na mvua wala viwavi nyuma yake. Kwa Kizanaki halikuwa na maana yoyote, nalo lilikuwa alama tangu mwanzo.

Leo jina Nyerere limeandikwa kwenye kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam, kwenye bwawa la umeme katika mto Rufiji na kwenye barabara za miji mingi, na anayelitamka hafikirii viwavi. Kifungo cha awali kimekatika na kingine kimefungwa mahali pake. Neno Mwalimu limepitia njia ya kinyume. Ni nomino ya kawaida inayomfaa mtu yeyote anayefundisha, lakini likitamkwa Butiama bila jina lolote baada yake humwelekea mtu mmoja tu, kama kidole kinavyoelekea. Mfasiri anayelikuta neno hilo katika hotuba au gazeti la Tanzania ni lazima aamue kama amekutana na cheo cha kazi au na kidole.

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyoko Butiama yamehifadhi vitu alivyotumia na zawadi alizopewa. Mtu akichukua fimbo inayofanana kabisa na ile aliyoishika Mwalimu na kuiweka ndani ya kabati la kioo, mtazamaji hataona kilichopungua, lakini kitu kimepungua. Fimbo mpya ni taswira ya ile ya kwanza, ilhali ile ya kwanza ilikuwa dalili, kwa sababu ilishikwa na mkono ule. Thamani ya makumbusho, ya masalia matakatifu na ya saini kwenye hati inatokana na uhusiano huo ambao macho hayauoni. Ndiyo maana lebo yenye maelezo ya chanzo cha kitu si pambo. Bila hiyo, dalili haina wa kuisoma.

Mwenge wa Uhuru, uliowashwa kwa mara ya kwanza kwenye kilele cha Kilimanjaro nchi ilipopata uhuru mwezi Desemba 1961, hutajwa katika vitabu kama mfano wa alama, na ni sahihi, kwa kuwa matumaini na upendo havifanani na moto. Ila mchoro wa mwenge uliomo ndani ya ngao ya taifa ni taswira ya mwenge kwanza, kisha ndipo unapobeba maana za mwenge. Alama nyingi za taifa zimejengwa hivyo kwa tabaka. Rangi ya bluu ya bendera huwakilisha maji ya nchi kwa uamuzi wa waliyoitunga. Mtoto wa Musoma, anayeliona ziwa kila siku, huenda akadhani bluu haikuhitaji uamuzi wowote.

Ndani ya lugha yenyewe

Mwanaisimu wa Uswisi, Ferdinand de Saussure (1857–1913), alisisitiza kwamba uhusiano wa sauti za neno na maana yake ni wa nasibu. Kwa sehemu kubwa ya msamiati ni kweli. Hakuna sauti ya samaki ndani ya neno samaki. Lakini lugha si alama tupu. Tanakali za sauti kama chubwi, kitu kinapozama majini, ni taswira za sauti, na pikipiki ni jina linalosikika kama injini yake. Hata hapa mazoea yapo: jogoo wa Kiswahili huwika kokoriko, wa Kiingereza huwika vingine, nao jogoo wenyewe hawatofautiani. Urudufishaji nao una kivuli cha taswira, maana katika kupigapiga tendo lililorudiwa husemwa kwa umbo lililorudiwa.

Mfano ulio bora kuliko yote ni neno dogo kule. Mvuvi akiulizwa mtumbwi uko wapi, aweza kujibu kule, au akajibu kuleee, akiivuta irabu na kuipandisha sauti kadiri mtumbwi ulivyo mbali. Neno ni alama, kwa kuwa Kiswahili ndicho kilicholiweka. Ni dalili, kwa kuwa halina maana kamili bila kujua msemaji amesimama wapi na anaelekeza wapi. Na ule urefu wa irabu ni taswira ya umbali. Mambo yote matatu yamo katika silabi mbili. Mfasiri wa tamthilia akiandika kule bila kitu kingine, ameihifadhi alama na kuzitupa nyingine mbili.

Matamshi pia ni dalili. Katika Kanda ya Ziwa wapo wasemaji ambao lugha zao za kwanza hazizitenganishi /l/ na /r/ kama Kiswahili sanifu kinavyofanya, na kura na kula huweza kukutana vinywani mwao. Msikilizaji hupata habari ambayo msemaji hakukusudia kuitoa, kwamba huyu ametoka upande fulani. Mchekeshaji akiyaiga matamshi hayo, dalili huwa taswira. Yakiigwa mara nyingi vya kutosha, huwa alama ya kundi zima, na hapo watu huacha kumsikiliza mtu mwenyewe. Mwandishi au mfasiri anayebadilisha herufi hizo katika mazungumzo ya mhusika ili kumpa rangi ya mahali hana budi kujua anatumia uhusiano upi.

Matumizi: uchaguzi wa maneno

Neno dalili, lenye asili ya Kiarabu katika maana ya kiongozi na ushahidi, ndilo linalokaribia zaidi dhana ya Peirce ya kiungo halisi, na wasemaji tayari wanalitumia hivyo: dalili za mvua, dalili za ugonjwa, dalili za hatari ambazo wajawazito hufundishwa kliniki. Katika muktadha wa afya si vyema kuandika ishara za hatari kwa kutafuta lugha ya kupendeza. Ishara humfanya msomaji amfikirie mtoaji wa ishara, na homa haimpi mtu ishara. Homa ni sehemu ya ugonjwa.

Ishara lina kisa cha pekee. Kwa asili ya Kiarabu linatokana na kitendo cha kuelekeza, kama kwa mkono au kidole, yaani lilianza likiwa jina la mojawapo ya dalili zilizo safi kabisa. Leo baadhi ya vitabu vya Kiswahili hulitumia kwa dhana ya jumla, vingine kwa simboli, na vingine kwa yote mawili ndani ya ukurasa mmoja, jambo linalomchanganya mwanafunzi kuliko ugumu wa nadharia yenyewe. Lililo jepesi ni kuliacha kuwa neno la jumla. Wahakiki wa fasihi wanalo neno taashira kwa kitu kinachowakilisha kingine ndani ya kazi ya sanaa, na hawana haja ya kuliazima ishara.

Kiashiria ni neno linaloelemewa. Wanasarufi wengine hulitumia kwa maneno kama huyu na pale, wachumi kwa takwimu zinazoonyesha hali ya uchumi, na wafasiri wa Saussure kwa upande wa sauti wa neno. Kuliongezea indeksi ya Peirce ni kuzidisha mzigo. Fahirisi na faharasa hayafai kabisa kwa dhana hii: la kwanza ni la wanatakwimu, kama katika fahirisi ya bei, na la pili ni orodha ya mwisho wa kitabu. Kamusi za kutafsiri neno kwa neno humtumbukiza mwanafunzi huko mara kwa mara. Ikoni halina ubaya, ila wengi hulielewa kuwa kijipicha cha kwenye kioo cha simu, na vijipicha hivyo vyenyewe vinaachana na taswira. Kijana anayebonyeza mchoro wa mkono wa simu ya zamani ili apige simu huenda hajawahi kukiona chombo chenyewe, na kwake mchoro ule umekuwa alama.

Alama na nembo havibadilishani. Nembo, ambalo lilitaja pia chale za mwilini, sasa hutumika kwa chama, kampuni, taasisi au taifa, na hudai mwenyewe. Alama haina sharti hilo: kuna alama za barabarani, alama za uakifishaji, alama za mtihani.

Tanzania husema Lugha ya Alama, na ndivyo Lugha ya Alama ya Tanzania inavyotajwa, ilhali Kenya husema Lugha ya Ishara. Mfasiri afuate matumizi ya nchi anayoiandikia. Hata hivyo majina hayo mawili hayana uzito mmoja. Ishara, katika mazungumzo ya kawaida, hukumbusha kupunga mkono na kukonyeza, mambo ambayo mtu yeyote huweza kuyafanya bila kujifunza, na ndiyo dhana potofu inayowafanya watu wadhani kwamba viziwi wanaigiza tu. Lugha hizo zina taswira, kwa kuwa mikono huweza kuchora umbo la kitu. Zina dalili, kwa kuwa kuelekeza kidole hufanya kazi ya mimi, wewe na yule. Lakini sehemu kubwa ya msamiati wake ni mapatano ya jamii inayouzungumza. Mtu asiyezijua hawezi kuubahatisha, kama asivyoweza kubahatisha maana ya samaki kwa kulisikia neno. Kwa upande huo Tanzania imechagua neno lililo sahihi zaidi.